Re: Wamama wa sokoni wananyamaza nikitoa simu kurekodi

Mdogo wangu, hao wamama wa soko la Mbuyuni hapo Moshi wanaonyamaza ukitaka kuwarekodi kwa ajili ya redio hawakukatai wewe, ni muda tu unakosea. Asubuhi mzigo unashushwa, madalali wanapiga kelele, nani ana nafasi na wewe? Nenda mchana soko likipoa, toa shikamoo, sema unatoka redio gani na habari itatoka lini, simu ikae mfukoni mpaka akubali. Afu usiulize "hali ya biashara ikoje", utajibiwa "tunamshukuru Mungu" basi imeisha, muulize mkungu wa ndizi wa leo kanunua bei gani na wiki jana je, hapo atafunguka mwenyewe. Akisema jina lisitajwe usilitaje, hata mhariri akubane vipi, maana huyo mama kesho anauza palepale na huyo mtu aliyemlalamikia kwako anapita palepale.