Straika akihama, acha jina likae kwa jezi

Juzi jioni kijana wa jirani aligonga mlango akaniomba pasi. Nikadhani ni shati la kazi, kumbe ana jezi ya Gor Mahia mkononi, klabu yetu ya Nairobi, ile ya kijani, na anataka kuipasha moto pale mgongoni ndio ang'oe jina la straika wake ambaye ametangazwa amehama. Sitasema ni straika gani, mwenye jezi bado ana uchungu, na pia haina haja, hapa kwetu kila mwaka lazima mmoja aende. Nilimwambia aketi kwanza. Tulikaa karibu lisaa limoja, na haya ninayoandika ni yale nilimwambia pamoja na mengine yaliyonijia baadaye nikiwa kwa matatu.

Na mjue mimi sina haki ya kumhubiria mtu. 2018 mwenye pasi nilikuwa mimi.

Straika wangu alikuwa Meddie Kagere. Kama umeanza kuenda uwanjani juzi juzi utamjua kama mtu wa Simba, yule wa kufunika jicho moja akishafunga, lakini sisi wa K'Ogalo, yaani Gor, tulimjua mapema. 2015 alicheza mbele na Michael Olunga, msimu ule tulichukua ligi bila kufungwa mechi hata moja, ya tatu mfululizo, na kama ulikuwa umengoja kombe hilo toka 1995 hadi 2013 unajua tulikuwa tunalipwa deni na riba yake. Akaenda, akarudi 2017, akapata Mnyarwanda mwenzake Jacques Tuyisenge ameshazoea mtaa. Kagere hakuwa mtu wa chenga nyingi, alikuwa mtu wa kusukumana na beki dakika themanini mpaka beki achoke, halafu zile kumi zilizobaki ndio zake. Watu wengine walikuwa wanamwona kama hachezi. Mimi nilikuwa mmoja wao, hadi Nakuru.

Tarehe 10 Juni 2018 nilitoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri nikaenda town kutafuta gari la Nakuru. Ilikuwa fainali ya SportPesa Super Cup uwanja wa Afraha, sisi na Simba ya Dar. Kwa gari tulikuwa tumebanana watu wanne kiti cha watatu, kilomita kama 160 hivyo, na hakuna mtu alilalamika. Kagere alifunga mapema sana, watu wengine bado wanatafuta pa kukaa, nakumbuka jamaa mmoja mbele yangu alimwagikiwa chai suruali yote akakumbatia aliyemmwagia. Kipindi cha pili Tuyisenge akaongeza. 2-0. Zawadi ilikuwa dola 30,000 na safari ya Uingereza kucheza na Everton kwao Goodison Park, hebu fikiria, Gor Mahia Goodison. Tuliimba mpaka Gilgil, Naivasha sauti ikaisha, Jumatatu nikaenda kazini naongea kama chura. Wiki hiyo hiyo nikapeleka jezi kwa fundi mmoja karibu na River Road, nikalipa soo nne, yaani shilingi mia nne, akanichapia KAGERE herufi nyeupe kubwa kubwa.

Hazikupita wiki nyingi habari ikatoka kwamba Kagere amesaini Simba.

Simba hao hao! Wale tuliwafunga Afraha na yeye ndiye alifungua mlango. Na sio mara ya kwanza, mwisho wa 2014 Dan Sserunkuma alikuwa ameshapita njia hiyo hiyo ya Dar, kwa hivyo tulihisi kama sisi ni shamba la mtu mwingine, tunapanda wanavuna.

Nilifanya mambo mawili usiku ule na yote nayajutia. La kwanza, niliingia kwa ukurasa wake nikaweka nyoka, zile picha za nyoka, sijui kumi na ngapi, na chini yake maneno ambayo siwezi kurudia mbele ya mathe. La pili ndio pasi. Sasa sikiza, kama umeamua lazima utoe jina basi angalau weka kitambaa katikati na moto uwe wa chini, kwa sababu mimi niliweka moto wa suruali ya jinzi na jezi ni polista, pale kwa G kitambaa kikajikunja kama kaukau. Herufi zilitoka, ndio, lakini gundi haikutoka. Nikaifua mara tatu, gundi ikaanza kushika vumbi, na baada ya wiki mbili jina lilikuwa linasomeka vizuri kuliko lilipokuwa limechapwa, rangi ya kijivu juu ya kijani, mpaka mtu wa ng'ambo ya barabara anakusoma.

Na jezi nilikuwa na hiyo moja. Kwa hivyo tarehe 18 Julai niliivaa Kasarani hivyo hivyo, mechi ya Kombe la Shirikisho na Yanga, na watu wananicheka njia yote kutoka kwa sanamu ya Tom Mboya. Tuliwapiga Yanga 4-0. Bila Kagere. Kufika goli la tatu nikagundua nimesahau kukasirika. Ligi ya mwaka huo pia tukachukua, ya 17. Hapo ndipo mtu anapoanza kupona, hakuna maneno ya kumwambia kabla ya hapo, atasikia tu baada ya mechi mbili tatu timu ikishinda. Mpe muda, usimbishie.

Lakini kuna ugonjwa mwingine huja nyuma ya ule wa kwanza, na mimi naona ndio mbaya zaidi. Baada ya ile 4-0 watu walianza kusema kumbe Kagere alikuwa anatuchelewesha, ati mpira sasa unatembea, ati alikuwa anachezea nafsi yake. Kuna jamaa wa base yetu alisema hivyo kwa sauti mpaka dereva wa matatu akageuka. Sasa ngoja Novemba. Tarehe 6 tukaenda Goodison, ile safari yenyewe, na sisi tuliobaki tukajazana kwa kibanda cha kuonyesha mechi, na Everton wakatupiga 4-0. Na katikati ya kipindi cha pili nasikia mtu nyuma anasema, “Hapa angekuwepo Kagere.” Nikageuka. Ni jamaa yule yule!

Hilo limenikaa sana. Ile safari, bao lililotufungulia njia lilikuwa lake, na hakupanda ndege. Sisi tulifika kwa Everton kwa mguu wake halafu tukawa tunamwita nyoka.

Kuna mzee wa Kaloleni tunakaa naye mechi zikiwa City Stadium, mtu aliyeona magoli ya Peter Dawo ya 1987, mwaka ule Gor ilileta Kombe la Washindi la Afrika nyumbani. Huyo ndiye alinisaidia na hata hakujua. Nilikuwa namlalamikia, akaniuliza, “Omera, huyo kijana ana deni gani na wewe?” Nikakosa jibu. Akaniambia niende niandike. Basi nikaenda nikaandika kweli, kwa karatasi ya nyuma ya risiti, kila bao la Kagere nililoliona kwa macho yangu nikiwa uwanjani na mahali nilikuwa nimekaa na nilikuwa na nani. Nikapata tisa. Upande wa pili nikaandika nilichompa mimi: kiingilio soo mbili mbili, nauli, na matusi. Hesabu ilikuwa inaonekana wazi kabisa nani anamdai nani.

Hiyo ndio ningekwambia ufanye kabla ya kushika pasi. Andika. Usiandike magoli ya msimu, hayo yako kwa intaneti, andika yale uliyoona wewe. Utashangaa vile ni machache na vile kila moja limebeba mtu, mimi kwa moja hapo yuko bradhe yangu ambaye siku hizi hatuongei sana.

Sasa hasira. Hasira iko na ni haki yako, lakini ipeleke mahali panapofaa. Kagere alikuwa ameshapita miaka thelathini. Straika wa umri huo hana dirisha nyingi zimebaki, na ligi yetu unaijua, mshahara wa mwezi wa tatu unaweza kuja mwezi wa sita ama usije. Wewe mwenyewe bosi akikuzungusha miezi miwili si unaanza kutuma sivii usiku? Kwa sheria za FIFA mchezaji mkataba wake ukibaki miezi sita ana ruhusa ya kukubaliana na klabu nyingine, na mkataba ukiisha anaenda bure, klabu yake haipati hata shilingi. Kwa hivyo straika akianza kufunga sana, swali la mwanachama sio kama ana tamaa. Swali ni mkataba wake unaisha lini na nani ameshaongea naye. Uliza hilo mapema, uliza kwa mkutano, uliza mpaka wakuchoke. Mwezi wa saba ni too leti.

Kuna kitu kingine mashabiki wengi hawajui. Mchezaji akiuzwa kwa pesa nchi nyingine kabla mkataba wake kuisha, asilimia 5 ya hiyo pesa inagawanywa kwa klabu zilizomlea kati ya miaka 12 na 23. Chukua Olunga, kijana wa Upper Hill hapa hapa, alipokuwa Gor 2015 alikuwa na miaka 21. Akatoka hapa akaenda Djurgården ya Sweden, China, Girona, halafu Japan ambako 2020 alifunga magoli 28 na kuwa mchezaji bora wa ligi nzima, kisha Qatar. Kila akiuzwa hivyo, klabu za kwetu zilizomlea zina haki ya kipande chao, bora makaratasi yao yawe sawa. Sasa wewe unamwombea avunjike mguu kwa nini? Mwombee auzwe tena.

Mimi kilichonimaliza kabisa ni Februari 2019. Simba walikuwa wametoka kupigwa 5-0 na Al Ahly kule Misri, wakawa wanarudiana Dar. Niliingia kibandani kusudi nimuone Kagere akiaibika, wacha niseme ukweli. Mechi ikaisha 1-0 na mfungaji ni yeye, dhidi ya Al Ahly, na kabla sijajua ninafanya nini mkono wangu ulikuwa umefunika jicho. Mama wa chai akaniuliza kama nimeingiwa na mdudu. Msimu huo alimaliza mfungaji bora wa ligi ya Tanzania na magoli 23, mwaka uliofuata tena 22.

Usiku huo nikarudi kwa ukurasa wake kufuta maneno yangu. Hebu jaribu siku moja kutafuta matusi yako katikati ya matusi ya watu wengine maelfu, nyoka wote wanafanana. Nilitafuta mpaka bando likaisha. Ya kwangu matatu nilipata, mengine yako huko mpaka leo nafikiri.

Kwa hivyo Tuyisenge alipohama 2019 kwenda Petro de Luanda ya Angola, ule mwaka mdhamini naye aliondoka na kila mtu alikuwa anatafuta mlango, mimi nilikuwa nimeshafundwa. Nilikaa nikakumbuka Julai 2017 pale Dar, mechi yetu na Everton, Rooney amefunga goli lake la kwanza tangu arudi Everton na dunia nzima inaangalia, na dakika chache tu baadaye Tuyisenge akasawazisha. Tulipoteza 2-1 lakini nani anakumbuka hiyo. Nikamwandikia asante, mstari mmoja, nikalala.

Kuna kitu kimoja bado sijaweza, anayetoka kwetu kwenda moja kwa moja AFC Leopards, wapinzani wetu wa jadi. Huyo msiniulize, sijafika hapo.

Basi kijana alinisikiza, pasi iko mezani katikati yetu, imepoa. Nikaona maneno yamekuwa mengi, nikaenda chumbani nikatoa ile jezi yangu nikamtandikia mgongo wake pale kwa kochi. Akainama. Akafuata gundi na kidole, herufi moja moja, pale kwa G iliyokunjamana akasimama kidogo, akamaliza, akaniangalia.

“Kagere? Lakini huyu si ni wa Simba?”

Nikamwambia apishe hiyo pasi kando nipate pa kuweka chai, tuanze na Nakuru.