Rafiki anataka twende kuvua bahari kuu Sabasaba

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni fundi seremala hapa Ipagala, Dodoma. Kuvua ninakokujua ni kwa Bwawa la Hombolo: ufito, ndoana na minyoo, narudi na perege au kambale wa mboga ya jioni. Rafiki yangu wa utotoni siku hizi yuko Dar es Salaam, na anataka Sabasaba tuchange pesa tukodi boti twende mbali kabisa, kwenye jodari na nguru. Sijui kuogelea, na hata basi hunichafua roho. Nitamudu? Nibebe nini? – Fundi, Ipagala

JIBU: Marahaba mwanangu. Mimi mzaliwa wa Kunduchi, pwani ya Dar, ualimu ndio ulionileta Dodoma nikaoa hukuhuku. Nianze na ambalo hukuuliza: tarehe. Julai kusi imekomaa. Upepo unaotutimulia vumbi huku na kutuvalisha makoti asubuhi ndio huohuo unaotoka baharini, ila kule hauna kilima wala mbuyu wa kuupunguza. Kusi ikichachamaa, wavuvi wa kwetu wenye ngalawa huzivuta mchangani wakashona nyavu. Sasa wewe mgeni unakwenda kutafuta nini? Mwambie mwenzako asogeze hadi Novemba, wakati wa matlai, upepo wa mashariki, kabla kaskazi haijashika, au Machi mwanzoni inapolegea. Sikukuu mtaitafuta nyingine. Na siku mbili tatu kabla ya kutoka, sikilizeni utabiri wa bahari wa Mamlaka ya Hali ya Hewa: wanataja kasi ya upepo na urefu wa mawimbi.

Mwezi nao mtazame. Ukiandama au ukiwa mpevu ni bamvua: maji ya Dar hupanda na kushuka zaidi ya meta 3, mkondo unakimbia, chubwi, ule uzito wa kuzamisha mshipi, haitulii chini. Mkitaka changu na chewa wa miambani, ngojeni maji mafu, mwezi ukiwa nusu. Visiwa vya Bongoyo na Mbudya mtavipita tu; ni maeneo ya hifadhi, ndoana haishuki pale.

Kuhusu roho kuchafuka, usione aibu, hata manahodha wapo wanaotapika. Mwone mfamasia akupe vidonge vya safari, umeze kabla ya kupanda boti. Ukisubiri kichefuchefu kianze umeshachelewa. Vingi vinaleta usingizi, kwa hiyo umwulize. Usiku wa kuamkia safari pombe mwiko. Asubuhi kula kitu chepesi, ndizi au kiazi kitamu, si maharage. Ndani ya boti kaa katikati kuelekea nyuma, mbali na moshi wa injini, macho yako kwenye mstari ambapo bahari inakutana na mbingu. Simu iache mfukoni. Yakikushinda, tapika upande wa demani, upepo unakoelekea, usije ukawaogesha wenzako.

Ufito wa Hombolo uache nyumbani. Wenye boti wana mishipi yao. Kwa jodari na nguru mtarambaza: boti inakwenda, chambo kinafuata nyuma. Nguru ana meno makali, nailoni tupu anaikata mara moja, ndiyo maana utaona kipande cha waya juu ya ndoana. Jodari ni mwingine kabisa. Akishika hukimbia, halafu huzama moja kwa moja, na akichoka anaanza kuzunguka chini ya boti. Hapo usizungushe nailoni kiganjani hata mara moja! Iache ipite juu ya vidole vilivyovikwa vipande vya mpira wa tyubu ya baiskeli, uvute anapolegea, umwachie anapovuta. Kambale wa Hombolo hakukufundisha hilo.

Kabla hujatoa pesa, omba uonyeshwe jaketi okozi, moja kwa kila kichwa, redio, na injini mbili. Jaketi ulivae tangu ufukweni mpaka mtakaporudi; wakikucheka, wacheke. Nahodha akisema turudi, mnarudi, hata kama mmelipia siku nzima. Kuhusu kubeba samaki, soma jibu la mama anayefuata.

SWALI: Mwalimu, mume wangu alipewa jodari Dar akamleta kwa basi ndani ya mfuko. Hakuwa na harufu mbaya. Nimempika vizuri, lakini baada ya muda mfupi sote tumekuwa wekundu usoni, mwili unawasha na kichwa kinagonga. Ni sumu? – Mama wawili, Nkuhungu

JIBU: Pole mama. Dalili hizo zinafanana sana na za histamini. Jodari, na jamaa zake kama vibua, akikaa kwenye joto bakteria hutengeneza histamini ndani ya nyama. Haina harufu, na moto wa jikoni hauiondoi, upike mpaka jioni. Mara nyingi hupita yenyewe baada ya saa kadhaa, lakini mtu akibanwa na pumzi au akivimba midomo, mkimbizeni hospitali.

Jodari achinjwe atoke damu palepale kwenye boti, atolewe matumbo, afukiwe kwenye barafu, na barafu hiyo iongezwe njiani mpaka Dodoma. Kama boksi la barafu hakuna, mleni hukohuko Dar, huku leteni ng'onda. Huyo aliyebaki kwenye sufuria mtupeni, na paka asipewe.