Jibu: Rapa gani hawakuendana na lebo zao?

Chalii yangu, umeuliza ni rapa gani alikaa kwenye lebo, yaani kampuni ya kutoa muziki, isiyomfaa kabisa. Mimi naanza na Clipse. Ni kundi la ndugu wawili wa Virginia, Marekani, Pusha T na Malice, na mashairi yao yamejaa habari za kuuza unga, yaani kokeini. Sony na BMG zilipounganisha biashara zao za muziki mwaka 2004, mambo ya Arista, lebo yao, yakavurugika, wakajikuta chini ya Jive. Jive hiyo ndiyo ya Britney Spears na Backstreet Boys, waimbaji wa pop! Wakaomba waachiwe, ikashindikana, wakaenda mahakamani. Albamu yao ya pili ilitoka mwishoni mwa 2006, miaka minne baada ya ile ya kwanza. Miaka minne kwa rapa aliye motoni ni mingi mno, inaniuma mpaka leo. Kilichowabeba ni nyimbo walizosambaza wenyewe nje ya lebo.

MC Hammer, rapa wa nyimbo za kucheza, kwenda Death Row, lebo ya gangsta rap, mwaka 1995 nako kulishangaza wengi. Albamu aliyorekodi kule haikutoka.

Lakini umbali kati ya msanii na lebo pekee si tatizo, na ushahidi uko hapa hapa Arusha. X Plastaz, kundi la hip hop la hapa, walitoa albamu mwaka 2004 kwa OutHere, lebo ya Ujerumani, na ndani yake bado unasikia uimbaji wa Kimaasai na Kiswahili cha mitaani kwetu. Nikiisikia kwenye daladala ya Ngaramtoni huwa natamani safari isiishe. Kama hujaisikiliza yote, anza nayo leo.