Baba anangoja daktari, mimi nina S ya fizikia

*Shikamoo Shangazi. Niko kidato cha sita, kombi ya PCB, shule ya bweni. Kwenye mock nilipata C ya kemia, C ya baiolojia na S ya fizikia. Baba alipopiga simu ya matroni kuniuliza, nikamwambia nina B tupu. Sasa ametangazia ukoo mzima kwamba naenda Muhimbili kusomea udaktari. Siku ya wazazi imekaribia na ripoti atakabidhiwa mkononi. Rafiki yangu anamjua mtu wa stesheneri mjini anayeweza kutengeneza ripoti nyingine. Usiku silali, nakesha na madesa lakini hakuna kinachoingia. Nifanye nini?*
*Dokta wa Uongo*

Marahaba, mwanangu.

La stesheneri lisahau leo hii. Siku ya wazazi baba yako atakaa uso kwa uso na mwalimu wako wa darasa, na neno la kwanza la mwalimu litakuwa fizikia. Isitoshe, kumdanganya baba ni kesi ya nyumbani, inaisha kwa ukali na machozi. Kughushi ripoti ni kesi ya mkuu wa shule, na wewe mtihani wako ni Mei.

Baba aambiwe kabla hajapanda basi, na aambiwe na wewe. Najua nyumba nyingi jambo zito hupitia kwa mama. Safari hii usimtume, maana ataulizwa alijua tangu lini na ugomvi utahamia kwake. Kama baba ana dada anayemsikiliza, huyo mpigie kwanza, umwombe awe karibu siku hiyo. (Kazi ya shangazi wa damu ndiyo hiyo, mimi wa gazetini sina ubavu wa kumtuliza kaka wa mtu.) Halafu omba simu kwa matroni na useme bila kuzunguka: "Baba, nilikudanganya matokeo. Fizikia nina S. Niliogopa kukuangusha. Naomba unisamehe, na ukija tukae na mwalimu pamoja." Akifoka, mwache afoke. Akikata simu, usimpigie tena usiku huo. Aibu ya kuwarudia aliowatangazia ni yake kuimeza, na itamchukua siku kadhaa.

Atakapotulia atauliza, "Sasa itakuwaje?" Uwe na jibu. S ni kuanzia 35 hadi 39, na E inaanzia 40, kwa hiyo hujaachwa mbali hivyo. Lakini usimpe tena ahadi ya Muhimbili: udaktari unadai ufaulu mkuu katika masomo yote matatu, na ufaulu mkuu huanzia alama ya E, S haihesabiwi humo, na hata wenye ufaulu huo wanagombania nafasi chache. Mweleze pia kwamba sharti la jumla la kuingia shahada ni ufaulu mkuu wa masomo mawili, wenye pointi zisizopungua 4. C moja ni pointi 3. Kemia na baiolojia zako zikibaki hapo hapo una 6, na Sokoine kule Morogoro wana kilimo na ufugaji wa samaki, na vyuo kadhaa vina ualimu wa sayansi. Wazazi wetu wengi wanazijua kazi tatu tu, daktari, injinia na mwanasheria. Mtaalamu wa samaki wanamkumbuka sato akiwa mezani.

Fizikia usiiache. Pepa ya tatu ni ya vitendo, na ndiyo mnayoipuuza kwa sababu haikaririki kwenye madesa. Mwombe fundi wa maabara muda wa ziada, ushike pendulamu na waya mwenyewe, uchore grafu mpaka mkono uzoee. Mada ngumu za nadharia chagua chache na mwalimu, nyingine zipite.

Kukesha acha. Prepo ikiisha, lala. Na kama usingizi bado unakukataa hata baada ya kuongea na baba, mwone mwalimu wa malezi, usingoje mpaka ulie darasani.

Rafiki yako usimgombeze, alitaka kukuokoa kwa akili aliyonayo. Mwambie stesheneri hapana, na kama fizikia yake ni nzuri kuliko yako, Jumamosi akupigie pindi ya umeme.