Siku Ambazo Huligusi Gari Ndizo Zinazolijenga

Wiki iliyopita Datsun 1200 yangu, gari dogo la zamani ninalolifufua, iliunguruma kwa injini yake yenyewe, kwa mara ya kwanza tangu iwe mikononi mwangu. Waya za kuwashia zilikuwa za muda tu na bomba la moshi lilikuwa halijafungwa mpaka mwisho, lakini geji ya presha ya oili ilipanda, mlio ukatulia, na mjomba wangu, mtu asiye na maneno mengi, akapiga makofi. Niliwatumia watu video. Nani kati yenu asingetuma?

Pongezi zilikuwa nyingi na ninawashukuru. Lakini ujumbe ulionishika ni wa kijana mmoja: "Dada, gari langu liko nyumbani kwa wazazi, mimi niko mbali kikazi. Nalifikiria mchana kutwa. Wewe siku zote hizo ulipokuwa mbali na gari ulikuwa unafanya nini?"

Kwa muda wote ambao nimekuwa nikiandika kuhusu magari ya zamani, watu wameniuliza rangi gani, rimu gani, injini gani inaingia bila kukata bodi. Hili hakuna aliyewahi kuniuliza, na ndilo swali lenyewe. Anayefufua gari hulishika siku chache sana. Siku zilizobaki yuko kazini, yuko kwenye basi, anasubiri kipuri, anasubiri mshahara, anamsubiri fundi. Aliyejua kuziishi siku hizo humaliza. Asiyejua huuza gari likiwa ndani ya maboksi, na kwenye tangazo anaandika "sina muda". Muda alikuwa nao, ila ulikuwa muda usio na gari ndani yake, na hakujua aufanyie nini.

Mimi nafanya kazi ya zamu. Gari linalala kwenye banda la mjomba, safari ya nusu siku kutoka ninapoishi. Mwanzoni nilikuwa naumia. Natoka zamu ya usiku, badala ya kulala naangalia picha za sakafu iliyooza chini ya miguu ya dereva na kuhesabu kazi zilizobaki mpaka moyo unazama. Nikifika bandani baada ya wiki kadhaa, nusu ya siku inaishia kwenye kukumbuka nilipokomea. Shemeji yangu alisema mbele ya familia nzima kwamba lile gari ningeliuza kwa kilo tu nipumzike. Walicheka. Sijasahau nani alicheka.

Kilichobadilisha mambo ni kabureta, kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa kabla ya kuingia kwenye injini. Safari moja niliifungua, nikaifunga kwenye kitambaa, nikaondoka nayo kwenye begi. Ni Hitachi ya koo mbili, yaani njia mbili za hewa, ndogo, inaenea juu ya meza ya kulia chakula. Nilitandika shuka jeupe ili kiboliti kikidondoka nikione. Kila hatua nilipiga picha kabla ya kulegeza kitu, na kila jeti, kile kipande chenye tundu dogo la kupitishia petroli, nikaiweka kwenye pakiti yake yenye jina. Jeti ni za shaba laini, kwa hiyo usizitoboe kwa waya hata kidogo. Tundu likipanuka kidogo tu, mchanganyiko wa petroli na hewa umeharibika na utatafuta ugonjwa mahali ambapo haupo. Dawa ya kusafishia na hewa ya mgandamizo vinatosha. Nilikuwa nafanya nusu saa baada ya zamu, siku nyingine dakika kumi. Kabureta ilipoisha nikachukua distributa, inayogawa umeme kwa plagi, nikajifunza kupima nafasi ya pointi zake, zile zinazokata na kuunga umeme, kwa fila geji, vibati vyembamba vya kupimia. Kwenye gari langu nafasi ni kati ya milimita 0.45 na 0.55. Kisha stata. Kisha alteneta na burashi zake. Ikafika wakati chumbani kwangu kulikuwa na Datsun nyingi kuliko kule bandani, na usingizi ukarudi.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza, na kusema kweli ndio mkubwa: kila ukienda kwenye gari, rudi na kitu kinachoingia kwenye begi. Gari zima halibebeki, lakini kabureta inabebeka, pampu ya petroli inabebeka, silinda kuu ya breki inabebeka, kufuli za milango zinabebeka. Ukiwa nacho mezani, hauko mbali na gari tena.

La pili ni kusoma, na sizungumzii video. Video nazipenda kama mnavyozipenda, lakini zina hila. Ukitazama mtu akijenga injini kwa dakika ishirini, mwili wako unaridhika kana kwamba umeijenga wewe, na kesho huna hamu ya kushika spana. Tafuta kitabu cha matengenezo cha gari lako. Kaa nacho kwenye mapumziko ya kazi. Mimi najua kwamba injini yangu, A12, ina sentimita za ujazo 1,171, tundu la milimita 73 na mwendo wa pistoni wa milimita 70, beringi kuu tano, na silinda zinawaka kwa mpangilio wa 1-3-4-2. Sikuyajua hayo bandani. Niliyajua nikiwa na kikombe cha chai mkononi, saa tisa za usiku, kazini. Mchoro wa umeme niliunakili na kuupaka rangi kwa penseli, kila waya rangi yake, mpaka nikaweza kuufuata huku nimefumba macho. Siku waya ilipogoma, nilijua inaanzia wapi na inaishia wapi kabla sijafungua boneti.

Usomaji huo ndio ulionilinda kwa fundi wa kuchonga silinda. Hili nalieleza kwa kirefu kwa sababu bado linaniuma.

Nilipeleka bloki, ule mwili wa injini wenye silinda, kwa fundi mmoja, jina lake nitaliacha. Nilikwenda na kaka yangu kwa sababu bloki ni nzito. Nilikuwa nimeshapima silinda zote nne, juu, katikati na chini, na vipimo viko kwenye daftari. Yule fundi hakuniangalia. Aliongea na kaka yangu mwanzo hadi mwisho, na kaka yangu hajui hata ringi ya pistoni ikoje. Nikajibu mimi, akaendelea kumwangalia yeye. Kisha akasema aachiwe bloki aichonge ovasaizi ya 0.50, yaani apanue matundu kwa nusu milimita, siku ile ile, pistoni zitakuja baadaye. Nikakataa. Pistoni hununuliwa kwanza, zinapimwa moja moja, ndipo tundu linachongwa kufuata pistoni halisi uliyonayo mkononi, kwa sababu nafasi inayotakiwa kati ya pistoni na ukuta ni ndogo sana. Alikasirika, lakini hakuwa na jibu. Pistoni zilipofika nikampelekea, akakaa na bloki yangu muda mrefu kupita ahadi zake zote. Kila nikipiga simu ni "kesho, dada". Kazi alikuja kuifanya vizuri, namtendea haki kwa hilo. Lakini angenikuta sijasoma, angenichonga mimi pamoja na hiyo bloki.

Dada zangu mnaonisoma, na najua mpo: mtu asiyekusikiliza ukisema kwa mdomo, mpe namba. Iandike na umwekee mezani. Kwenye namba hana pa kukimbilia.

Katika wiki zile za "kesho, dada" nilijifunza kuchomelea. Sikuligusa gari. Niliokota vipande vya bati la bodi kwenye jaa la gereji na kuviunganisha, nikivichoma na kuvitupa. Bati la bodi ni jembamba, kwenye magari mengi halifiki milimita moja, na ukivuta mshono mrefu kwa pupa linapinda na kutoboka. Kwa mashine ya MIG, ile inayosukuma waya wa kuchomelea yenyewe, waya wa milimita 0.6 unasaidia. Unaweka nukta hapa, unaruka unaweka nyingine mbali, unaacha ipoe, unarudi kuziba katikati. Vipande vyangu vya kwanza vilikuwa vya aibu kwa macho, lakini vilikuwa vipande vya jaa, havikuwa sakafu ya Datsun. Nilipofika kwenye sakafu yenyewe mkono ulikuwa umetulia. Jifunze kwenye chuma kisicho na thamani, ndugu zangu. Narudia: kwenye chuma kisicho na thamani.

Sasa, gari lenyewe huko lilipo. Huwezi kulisahau tu eti uko mbali. Betri ya asidi iliyojaa husoma takriban volti 12.6; ukiiacha ishuke na kukaa hivyo, bamba zake hupata salfeti, utando mgumu, na haitarudi kuwa ile ile. Itoe, ichaji, iweke pakavu. Kama injini imekaa bila kuwaka, tia oili kidogo kwenye matundu ya plagi na umpe mtu spana aizungushe kwa bolti ya puli ya krenki mara kwa mara, ringi zisishikane na ukuta. Mjomba alikuwa akifanya hivyo kila Jumamosi, na alinipigia simu kila mara kusema "imezunguka". Simu ile ilinitosha wiki nzima. Kwa bodi, wengi mnakosea: mnakwangua mpaka chuma, mnapiga praima ya kawaida, ile rangi ya kwanza ya chini, mnaondoka miezi sita. Praima ya kawaida na puti hunyonya unyevu, na kutu inaanza chini yake huku juu kunaonekana safi. Kama unaondoka kwa muda mrefu, piga praima ya epoksi, hiyo huziba. Kama huna, usikwangue.

Na afya. Siku za mbali na gari ndizo siku za kununua vifaa vya kinga, kwa sababu ukiwa bandani na hamu imepanda hutaki kusubiri. Rangi za kuchanganya na kigumishi zina isosayaneti, kemikali inayodhuru mapafu, na kitambaa cha puani hakizuii. Kwa upulizaji huo inatakiwa barakoa inayoletewa hewa safi kutoka nje, la sivyo mpe mpigarangi mwenye nayo. Breki za magari ya umri huu zinaweza kuwa na asbesto. Vumbi lake usilipulize kwa hewa, lilowanishe kisha ulifute. Nafanya kazi karibu na wagonjwa wa mapafu, sisemi haya kwa kusoma tu. Mgongo nao unahitaji mazoezi. Kulala chini ya gari siku nzima baada ya mwezi wa kukaa kwenye kiti kunauma kwa wiki.

Kuna jambo nawaona wenzangu wengi wakilifanya na linanisikitisha. Gari la mradi linapakwa mafuta na kufunikwa shuka, na gari linalowapeleka kazini halijabadilishwa oili tangu hawakumbuki lini. Jamani, hilo la kazini ndilo linalolipia pistoni. Likifa barabarani, bajeti ya mradi inakufa nalo. Liheshimu. Siku huna kazi ya mezani, fungua boneti ya gari la kila siku, angalia oili, maji, mikanda. Hata kama linakuchosha kulitazama.

Watu nao ni hivyo hivyo. Mume, mke, mama, watoto, hawakulichagua gari lako. Ukiwa nao mezani na mawazo yako yako kwenye gasketi ya hedi, wanajua. Mimi nilijiwekea utaratibu: daftari la gari linafungwa kabla ya chakula na halifunguliwi mpaka watu walale. Tangu hapo mama yangu, aliyekuwa akilichukia lile gari, ndiye anayeniuliza limefikia wapi.

Nisaidieni na kingine: nendeni mkawasaidie wengine. Kuna kaka mmoja jirani mwenye Peugeot 504, na wikiendi nisizoweza kusafiri nilikuwa namshikia taa na kumpa spana. Nilimwona akitoa plagi zote na kuzungusha injini yake mpya kwa stata mpaka presha ya oili ikapanda, ndipo akazirudisha na kuiwasha, ili beringi zisianze kavu. Hicho ndicho nilichokifanya wiki iliyopita, hatua kwa hatua. Gari la mwingine ni darasa lisilo na ada, ila ufike mapema na uondoke umesafisha vifaa vyake.

Daftari langu sasa lina sheria moja niliyoiandika ukurasa wa mbele: siendi bandani kufikiri, naenda kufanya. Kufikiri kunaishia huku. Kabla ya kila safari naandika karatasi ya kazi moja, na vifaa vyake vyote, hadi washa za bolti na tambara, vinakuwa kwenye begi usiku wa kuamkia safari. Moja ikiisha mapema, narudi au nakaa na mjomba tunaongea. Siongezi ya pili, maana ya pili ndiyo huachwa nusu.

Kwa sasa nasubiri mpira wa kioo cha mbele, na waringi mzima wa gari umelala sakafuni kwangu kutoka mlangoni hadi dirishani. Naukagua kiunganishi kwa kiunganishi, nakata palipoiva kwa joto, nafunga upya. Karatasi ya safari ijayo ina kazi moja: sehemu za ethi, pale umeme unaporudi kwenye betri kupitia chuma cha bodi. Magari mengi ya zamani yenye taa hafifu yanaumwa hapo. Nitazikwangua zing'ae, nianze na inayotoka betri kwenda bodi, halafu ya injini kwenda bodi, nikaze, nipake grisi.