Maswali ya Wasomaji: Hereni za Kristali Zenye Sura za Baharini

Nina pea ya hereni za kiti cha pweza, zimejaa vijiwe vinavyometa. Niliambiwa ni kristali. Nitajuaje ubora wake?

Katika mapambo ya mitindo, kristali ni kioo kilichokatwa pembe nyingi, si jiwe la kuchimbwa. Kwa hiyo hapa hatutafuti almasi. Tunapima uzuri wa kioo, ustadi wa fundi na jinsi pea ilivyotunzwa.

Gusisha kijiwe mdomoni. Kioo huwa baridi na hukawia kupata joto, plastiki hupata joto upesi. Kisha chukua lenzi ya sonara inayokuza mara 10. Kioo kilichokatwa vizuri kina kingo kali, na pembe zake hukutana barabara kwenye nukta moja. Kilichomiminwa tu kwenye kalibu huwa na kingo butu, kana kwamba kimelambwa.

Sasa geuza hereni, kwa sababu mgongoni ndipo kazi ya haraka inapojionyesha. Ukiona vijiwe vimeshikwa na vikucha vya chuma, kimoja kimoja, hiyo ni kazi ya kuheshimiwa. Vikiwa vimebandikwa kwa gundi, angalia kama gundi imefurika pembeni au imegeuka njano. Kwenye kiti cha pweza, kagua ncha za mikono mitano: hapo ndipo mchovyo wa dhahabu huanza kulika, na shaba ya ndani huchungulia. Mchovyo uliolika hauwezi kufichwa kwa kung'arisha. Ukisugua unazidi kuuondoa.

Mwisho linganisha hereni mbili bega kwa bega. Hesabu vijiwe, kisha tazama zinaelekea wapi. Farasi wa baharini au kombe lililopinda hupendeza zaidi likitengenezwa kwa jozi ya kutazamana, la kushoto na la kulia. Zote mbili zikielekea upande mmoja, huenda kalibu ilikuwa moja tu, au hereni mbili kutoka pea tofauti zimekutanishwa. Pea iliyokutanishwa hushuka thamani sana, hata kama kila hereni ni nzima.

Zangu hazina alama ya Swarovski. Je, ni bandia?

Si lazima. Kampuni hiyo ya kristali, iliyoanzishwa mwaka 1895 mjini Wattens, Austria, iliuza pia vijiwe vitupu kwa mafundi wengine. Hereni za mafundi hao zinaweza kuwa na vijiwe vyake halisi bila alama yoyote ya kampuni kwenye chuma. Kinyume chake nacho ni kweli: alama ya bata-maji, ambayo ni nembo ya Swarovski, peke yake haitoshi, maana huigwa. Angalia imegongwa wapi na kwa usafi gani, halafu urudi kwenye vijiwe.

Ukiona vijiwe vinavyocheza rangi za upinde wa mvua, vinavyopendwa sana kwenye mapambo ya baharini, jua kwamba hizo si rangi za kioo chenyewe bali utando mwembamba wa metali juu yake. Utando huo ulianza kutumika miaka ya 1950, kwa hiyo pea yenye vijiwe hivyo haiwezi kuwa ya miaka ya 1920, hata muuzaji aape.

Vijiwe viwili vimekuwa vyeusi. Nivisafishe kwa kitu gani?

Havisafishiki. Vijiwe vingi vya namna hii vina karatasi ya fedha nyuma yake, nayo ndiyo inayorudisha mwanga. Maji yakipenya, hasa ya chumvi, karatasi huharibika na kijiwe hufa. Inasikitisha kwamba hereni za baharini ndizo huvaliwa zaidi wakati wa kuogelea. Zifute kwa kitambaa kilicholowa kidogo tu, usizitumbukize majini, na uzivae baada ya manukato kukauka.

Kubadilisha inawezekana. Pima kipenyo cha tundu kwa kipimo cha milimita. Tofauti ya 0.1 inatosha kijiwe kukataa kuingia au kulegea. Tumia gundi ya kuchanganya sehemu mbili na uiache saa 24. Gundi ya kukauka papo hapo hutoa mvuke unaoacha ukungu mweupe juu ya kioo, na ukungu huo ni vigumu kuuondoa.

Unapouza, mwambie mnunuzi ni vijiwe vipi vimebadilishwa.

Ndewe zangu huwasha kila nikivaa hereni hizi. Je, zina kasoro?

Pengine ni nikeli iliyo kwenye kipini. Umoja wa Ulaya umeweka kikomo cha nikeli inayotoka kwenye vipini vya masikio yaliyotogwa: chini ya mikrogramu 0.2 kwa sentimita mraba kwa wiki. Fundi anaweza kukubadilishia kipini kwa cha titani. Vijiwe havihusiki, lakini mweleze fundi kama vimebandikwa kwa gundi, ili asipitishe moto karibu navyo.