Usisawazishe kipimo cha impedansi kwenye tundu la mashine

Usichomeke hizo rezista kwenye tundu la mashine. Umeandika kwamba jenereta yenu ya kuziba mishipa ya damu inafanya kazi kwa kilohezi 500, kwamba kipimo chake cha impedansi (ukinzani wa jumla wa tishu dhidi ya umeme wa masafa hayo) mtakisawazisha kwa rezista za ohmu 50 hadi 500 zilizofungwa moja kwa moja kwenye tundu, na kwamba "kebo ya koleo tutaifikiria baadaye". Mengine uliyouliza, yaani uwiano wa kugawa volteji, idadi ya sampuli kwa sekunde na namna ya kutambua kwamba mshipa umekwisha kuzibika, yanaweza kungoja. La kebo haliwezi kungoja, kwa sababu maneno hayo niliwahi kuyatamka mimi mwenyewe, yakanigharimu miezi minne.

Tulikuwa na koleo la baipola, yaani lile ambalo umeme hupita kati ya taya zake mbili zinazobana mshipa, lenye kebo ya mita 3. Pale kwenye tundu, rezista ya ohmu 100 ilisomeka 100, ya 500 ikasomeka 499, nami nikatembea kifua mbele. Kisha tukaanza kuziba mishipa iliyotoka machinjioni. Mwanzoni impedansi ilishuka kidogo, kama inavyotarajiwa, kwa kuwa ayoni za tishu husafiri kwa wepesi zaidi tishu inapopata joto. Maji yalipoanza kuchemka ikapanda kwa kasi. Halafu, ilipofika karibu ohmu 2,100, ikalala. Programu ilikuwa imeagizwa kukata umeme kwenye ohmu 2,500, na hapo haikufika hata siku moja. Kila mara mashine ilisimamishwa na kikomo cha muda, na kufikia wakati huo mshipa ulikuwa umeungua na kunata kwenye taya, kiasi kwamba ukifungua koleo unachanika palepale palipodaiwa kuwa pamezibwa.

Badala ya kukishuku kipimo, niliupa jina ule mstari uliolala. Niliuita "uwanda wa ukavu", nikauandikia ukurasa mmoja na nusu katika ripoti, nikieleza kwa lugha nzito jinsi kolajeni inavyofikia hali ya utulivu. Mshipa mwembamba, mshipa mnene, uliolowa, uliokaukiana, yote ilifika 2,100 na kusimama. Mtu mwenye akili zake angejiuliza tangu lini nyama zikaelewana kiasi hicho, lakini mimi nilikuwa na grafu safi, na grafu safi hulevya. (Ripoti hiyo ninayo bado. Siigawi.)

Ukweli ulijitokeza pale kebo ilipokatika karibu na plagi na fundi akatufungia nyingine ya mita 1.5. Mshipa wa kwanza tu, mashine ikajizima yenyewe. Kwa kuwa jioni iliyotangulia nilikuwa nimebadilisha mistari miwili ya programu, nilipokea pongezi kwa siku mbili nzima kabla ya fundi kuuliza, kwa upole wa kuudhi, kwa nini mabadiliko yangu yanaacha kufanya kazi kila akirudisha kebo ya mita 3.

Hesabu yenyewe ni ya dakika moja. Kebo yetu ilikuwa na kapasitansi (uwezo wa kuhifadhi chaji, ambao kwa masafa ya juu huupa umeme njia ya kupita) ya takriban pikofaradi 150 kati ya nyaya zake mbili. Kwa kilohezi 500 hiyo ni sawa na ohmu 2,100 na ushei, zikiwa sambamba na tishu. Kwa hiyo hata koleo likining'inia hewani bila kushika chochote, mashine itasoma ohmu 2,100. Na tishu inapofika ohmu 2,500 za kweli, mashine itasoma kama 1,600 na kuendelea kuichoma. Uwanda wangu wa ukavu ulikuwa ni plastiki ya kebo.

Aliyetupoteza ni mshauri mmoja aliyelipwa kuliko sisi sote, ambaye nilipomuuliza kuhusu kebo alitabasamu na kuniambia kwamba kwa masafa hayo wimbi lina urefu wa mita 600, basi mita 3 ni nini? Namba yake ni sahihi kabisa, na ndiyo maana ilitufunga midomo. Lakini urefu wa wimbi hukuambia tu kwamba kebo haihitaji kuhesabiwa kama njia ndefu ya mawimbi. Haukuambii kwamba kapasitansi yake imetoweka. Alilipwa, akaondoka, na sisi tukabaki tunakwangua taya.

Kanuni yangu ni moja: kipimo husawazishwa kwenye ncha ya koleo, kwa kebo ileile itakayotumika. Tumia mawimbi dhaifu ya kupimia, ya masafa yaleyale ya kazi. Pima koleo likiwa wazi hewani. Kisha libane kwenye kipande chembamba cha shaba, maana taya nyingi zina vinundu vinavyozizuia zisigusane. Kisha weka rezista unayoijua, isiyo ya waya uliozungushwa, kwa sababu hiyo ni koili iliyojificha. Thamani ya rezista unayoiweka iwe karibu na kizingiti chako cha kukatia umeme. Ile ya ohmu 100 ingesomeka 100 hata kwenye ncha ya kebo yetu mbovu, na ungelala usingizi mnono.

Tena usigawe volteji kwa mkondo ukaridhika na jibu hilo peke yake. Athari ya kebo huondolewa kwa namba changamano, ukubwa pamoja na pembe ya fezi (kiasi ambacho volteji na mkondo vinapishana kwa wakati), na pembe hiyo ni kitu chepesi kuharibika: kwa kilohezi 500, nyuzi 1 ni nanosekunde 5.6 tu, kwa hiyo njia ya volteji na ile ya mkondo zikipishana kidogo kwenye vichujio, umekwisha. Sisi pembe tulikuwa nayo muda wote. Pale uwandani ilikaribia nyuzi 90 hasi, ikipiga kelele kwamba hiki ni kapasita, na programu ilikuwa ikiitupa ili kuokoa kumbukumbu.

Kuhusu kugawa volteji, uwiano wowote usiojaza kibadilishi chenu (kile kinachogeuza volteji kuwa namba za programu) utafaa kwa sasa. Kesho asubuhi ning'inizeni koleo hewani, mpime kwa kebo yenu yote, kisha uandike hapa ohmu mlizozipata na pembe yake.